Staa Wetu na Tairi Lenye Nundu: Siyo Kila Kinachovimba ni Feki, na Siyo Kila Waranti ni Waranti



Tangu Jumanne nimetumiwa ile video mara kumi na moja. Kila grupu la WhatsApp nililomo wameiweka, hadi grupu la kikoba, ambako siku zote tunajadili marejesho na sare za harusi tu. Mnaijua. Staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, jina naliacha maana mnalijua wenyewe na mimi sina hela ya wakili, amesimama pembeni ya gari lake, kofia kaigeuza nyuma, anaonyesha tairi la mbele kushoto. Ubavuni limetoa nundu saizi ya yai la kuku. Anasema lina miezi minne tu, dukani walimwambia lina waranti ya mwaka mzima, amelirudisha, wamemkatalia. Halafu anamalizia na lile neno letu tunalolipenda: "Feki!"

Basi mashabiki wakamaliza kazi. Ukurasa wa lile duka ukaoga matusi, kufika jioni walikuwa wameshafunga sehemu ya maoni.

Leo nitasema kitu ambacho wengi hamtakipenda. Kwa ninachokiona kwenye ile video, inawezekana kabisa tairi la staa wetu siyo feki, na duka lilikuwa na haki ya kulikataa. Lakini na duka nalo lina kesi ya kujibu, tena siyo ndogo. Najua ninachosema kwa sababu mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa staa huyo. Tofauti yetu ni kwamba mimi sina mashabiki.

Siku niliyopiga kelele dukani

Mwenzenu naishi Chamazi, kazi yangu iko Kinondoni. Kila siku ya Mungu natoka Chamazi, nakuja kuingia Kilwa Road pale Rangi Tatu, halafu foleni hadi mjini na kuendelea. Nina Premio yangu ya siku nyingi. Mchezo ulipofika zamu yangu, nikasema safari hii sinunui sofa, nanunua matairi. Nikaenda dukani, nikachukua manne mapya ya 195/65R15, laki sita na nusu yote pamoja na kufunga.

Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu sana. "Dada, hapa umeshasahau habari za matairi. Haya yana waranti mwaka mzima. Likikuletea shida lolote, rudi nalo."

Likikuletea shida lolote. Maneno hayo nimeyashika hadi leo. Sikumuuliza shida gani. Nani anauliza? Risiti nikaitupia kwenye droo ya gari, nikaondoka najiona mjanja.

Mwezi wa tano, Jumamosi moja niko sehemu ya kuoshea gari, kijana anayeosha akaniita. "Anti, tairi lako limeota jipu." Nikainama. Kweli, ubavuni kuna nundu, unaligusa ni laini kama puto. Sijapata ajali, sijagonga mtu, upepo haujapungua. Nikahitimisha hapo hapo kwamba nimeuziwa takataka.

Jumatatu asubuhi niko dukani. Jamani, nilipiga kelele. Wateja wengine waliacha kuchagua rimu wakawa wananiangalia mimi. Yule kijana mstaarabu akapotelea stoo, akatoka mzee mmoja anayefunga matairi, ovaroli imejaa masizi. Hakubishana na mimi hata kidogo. Alilifungua tairi, akalitoa kwenye rimu, akaniambia, "Njoo uone, mama."

Ndani ya tairi, nyuma ya ile nundu, kulikuwa na alama kama mkunjo wa nguo iliyobanwa na pasi. Akapitisha kidole, nyuzi za ndani zimekatika. Kisha akachukua rimu, akaizungusha polepole hadi sehemu iliyokuwa sambamba na ile nundu. Ukingo wake umepinda kidogo, mtu asiyejua hawezi kuona.

"Hapa ulipiga shimo au kingo ya barabara. Lini, mimi sijui. Unajua wewe."

Nikakumbuka. Wiki tatu nyuma, usiku, mvua imenyesha, njia ya Mbande, shimo limejaa maji linaonekana kama dimbwi la kawaida. Gari lilipiga "paa!" hadi meno yakagongana. Nilishuka na tochi ya simu, nikaona tairi halijatoa upepo, nikamshukuru Mungu nikaendelea na safari. Kumbe tairi lilikuwa limeshavunjika mbavu, linasubiri tu kuvimba.

Kelele zikaniishia kooni. Lakini moyoni sikuridhika, na hadi leo kuna sehemu sijaridhika. Nitaifikia.

Ubavu wa tairi ni kitu gani hasa

Tairi hili tunalotumia kwenye magari madogo lina sehemu mbili zinazofanya kazi tofauti. Ile inayokanyaga barabara ina mikanda ya nyuzi za chuma chini yake. Ndiyo maana msumari ukiingia pale, fundi anaziba pancha na unaendelea na maisha. Ubavu hauna mikanda hiyo. Una raba na nyuzi, mara nyingi za poliesta, zinazopanda kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili. Umeachwa laini makusudi, kwa sababu kazi yake ni kujikunja.

Piga hesabu na mimi. Tairi la 195/65R15 likizunguka mara moja linakwenda karibu mita mbili. Kilomita moja ni mizunguko kama 500. Ukitembea kilomita 20, ubavu umejikunja na kujikunjua kama mara elfu kumi, umebeba gari, abiria, na ule mchele mliotoka nao shamba.

Sasa ukipiga shimo kwa kasi, ubavu unabanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, kama kidole kwenye mlango. Nyuzi zinakatika, raba ya nje inabaki nzima. Upepo wa ndani unasukuma pale penye nyuzi zilizokatika, raba inavimba. Hiyo ndiyo nundu. Inaweza kutokea papo hapo, inaweza kuchelewa siku au wiki. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwa moyo safi kabisa "sijapiga kitu", na kumbe alipiga, kasahau.

Na hapa niwatoe hofu wengine. Kuna wanaoona ubavuni kabonde kadogo, mstari ulioingia ndani kidogo, wanapata presha. Hako mara nyingi ni mahali ambapo nyuzi za ndani zimeungana kiwandani, zimepandana, hakana shida. Bonde ni kitu kingine, nundu ni kitu kingine.

Turudi kwa staa wetu. Mmeziona zile rimu? Rimu imejaa mguu mzima wa gari, tairi limebaki kama utepe. Mimi nikilinganisha na langu: kwenye 195/65 ubavu una kimo cha kama milimita 127. Kijana akitoa hizo akaweka rimu za 17 na tairi la 215/45, ambalo kimo chake kwa ujumla kinakaribia kuwa kile kile, ubavu unabaki milimita 97 hivi. Ametoa sentimita tatu za godoro ili gari lipendeze Instagram. Zile tatu ndizo zilizokuwa zinameza mashimo ya Madale na Bunju. Za staa zinaonekana fupi kuliko hata hizo. Tena rudieni ile video, pale kamera inaposhuka chini, mwangalie ukingo wa rimu. Mimi si fundi, siwezi kuapa. Ila nimeshaoneshwa ukingo uliopinda mara moja maishani mwangu, na ule unafanana nao.

Waranti ilikuwa inazungumzia kitu kingine

Baada ya aibu ile nilikaa nikasoma masharti ya waranti ya kampuni kadhaa kubwa. Karibu yote yanaimba wimbo mmoja. Mtengenezaji anakulipa kama tairi lina kasoro ya kiwandani, yaani malighafi mbovu au utengenezaji mbovu. Shimo, msumari, chupa, kukwaruza kingo, upepo mdogo, kuzidisha mzigo, kufunga vibaya, hayo hayamo. Na siyo tairi za bei poa tu. Michelin kule Marekani wana waranti ya hadi miaka 6 tangu siku uliyonunua, ilimradi kashata bado zipo, na bado wanaandika wazi kwamba kuchanika, kugonga na pancha haviwahusu.

Hata unapokubaliwa, kwa kawaida ukishatumia sehemu kubwa ya kashata hupewi tairi la bure. Wanapima kimo kilichobaki, wanakupunguzia bei ya jipya kwa kiasi hicho. Umekula nusu, unarudishiwa kama nusu.

Kasoro ya kiwandani inafananaje? Mfano uliotikisa dunia ni wa mwaka 2000, Firestone walipoyaita sokoni matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, kwa sababu sehemu ya kukanyagia ilikuwa inabanduka kutoka kwenye mwili wa tairi gari likiwa kwenye mwendo. Watu walikufa. Pale tatizo lilitoka na tairi kiwandani. Langu lilitoka na mimi Mbande.

Sasa angalia tulivyokaa. Balaa kubwa la tairi kwenye barabara zetu za pembeni ya mji, Chamazi, Toangoma, Kijichi, Wazo, Mabwepande, ni kuumia ubavu. Na kuumia ubavu kwa shimo ndicho kitu cha kwanza ambacho waranti inakiruka. Ni sawa na kuuziwa mwavuli wenye dhamana ya kila kitu isipokuwa mvua.

Msinitajie bima pia. Third party haikuhusu kabisa. Hata bima kubwa, mikataba mingi inaruka tairi lililopasuka lenyewe bila gari kuumia. Chukueni mikataba yenu msome, mtanishukuru.

Duka nalo lina kesi

Hapa ndipo sijaridhika hadi leo.

Yule mzee alikuwa sahihi. Lakini yule kijana mstaarabu hakuniambia "waranti ya kasoro za kiwandani". Aliniambia "likikuletea shida lolote". Mimi nilitoa laki sita na nusu nikiamini neno "lolote". Pengine bila neno hilo ningenunua ya bei ndogo, au ningekwenda duka la pili. Neno lilitumika kuuza, lilipotakiwa kulipa likageuka.

Wazazi wetu angalau walikuwa na General Tyre pale Arusha. Tairi linatengenezwa hapa hapa nchini, kiwanda kina geti, kina anwani. Kilipofika mwisho, serikali ilikuwa na hisa asilimia 74 na Continental ya Ujerumani asilimia 26, na uzalishaji ukasimama mwaka 2009. Leo matairi yetu yanakuja na meli. Mtengenezaji humjui, lugha yake huijui, na kijitabu chake cha waranti, kama kipo, kimebaki kwenye kontena. Uso pekee unaouona ni wa muuzaji. Kwa hiyo kwa mteja wa Tandika au wa Tegeta, mdomo wa muuzaji ndiyo waranti yenyewe.

Na sheria haijalala kama tunavyodhani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo inayoipa kazi Tume ya Ushindani, FCC, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na upotoshaji kuhusu waranti umo. Kuna pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaofaa kwa kazi yake hata kama hamkuandikiana. Hizo hazitakulipa tairi ulilolipiga shimo wewe mwenyewe. Ila zinasema muuzaji hana ruhusa ya kuuza kwa ahadi ambayo moyoni anajua haipo.

Ninachotaka mimi ni kidogo sana. Mistari mitatu, kwa Kiswahili, kwenye risiti. Waranti ni ya muda gani. Inalipa nini. Hailipi nini, na kwenye "hailipi" neno "ubavu ulioumizwa na shimo" liandikwe wazi. Basi. Mteja akisoma pale, ataamua mwenyewe.

Na mwenye akili ya biashara afikirie hatua ya pili. Kule Marekani duka kama Discount Tire linakuuzia cheti cha ziada kwa hela kidogo juu ya bei ya tairi, na cheti hicho kinalipa hata majanga ya barabarani. Kwa nini mtu wa Dar asijaribu? Mimi ningelipa. Staa angelipa bila hata kuuliza bei. Na duka lisingeamka Jumatano na matusi.

Kilichofuata, na ndiyo sababu naandika

Wengi mnaona mjadala huu ni wa tairi moja na laki moja na nusu. Subirini.

Nilipokataliwa dukani sikuwa na hela ya tairi lingine. Mwezi ulikuwa katikati. Nikafanya tunachofanya wote, nikaenda kwenye kibanda kule Rangi Tatu. Fundi akaliangalia, akacheka. "Sista, hii ndogo. Nakushonea, natia tyubu ndani, unatembea hadi mwakani." Elfu kumi na tano. Nilimuona kwa macho yangu akitoboa ubavu na sindano nene, anapitisha uzi, anabandika kiraka kwa ndani, anaweka tyubu. Lilipendeza, nundu haikuonekana tena.

Sikujua kwamba tyubu inashika upepo tu, haibebi gari. Linalobeba gari ni zile nyuzi za ubavu, na zilikuwa zimeshakatika, na sindano imeongeza matundu mengine. Uzi wa fundi ukawekwa kwenye sehemu inayojikunja mara elfu kumi kwa kila kilomita 20.

Lilitembea siku tisa.

Siku ya tisa nilikuwa nampeleka mama kliniki, wanangu wawili wako nyuma. Tumefika maeneo ya Mtoni kwa Azizi Ali. Mlio ulikuwa kama bomu, usukani ukaninyang'anya mikono, gari likavuta upande mmoja likaenda kusimama karibu kabisa na njia ya mwendokasi. Mama alikuwa anasema jina la Yesu, mtoto mdogo analia, bodaboda waliokuwa nyuma yetu wananitukana kabla hawajajua nini kimetokea. Ubavu ulikuwa umefunguka kama mdomo.

Hakuna aliyeumia, na sababu ni moja: tulikuwa kwenye foleni, mwendo hata 30 haufiki. Mimi ambaye kila siku nailaani foleni ya Kilwa Road, siku ile foleni ndiyo iliyotuokoa. Ningekuwa kwenye barabara iliyo wazi usiku, leo pengine mngesoma habari hii kaiandika mtu mwingine.

Kwa hiyo staa akisema "feki" na mashabiki wakaitikia, mtu wa Chamazi mwenye nundu anajifunza nini? Anajifunza kugombana na duka. Hafundishwi kwamba lile tairi limeshakufa. Akikataliwa, atakwenda kushona kama mimi. Staa atanunua jingine kesho. Sisi ndio tunaobaki na uzi.

Najua mtakachoandika hapo chini

Kuna atakayesema nimelipwa na maduka. Kama nimelipwa, mbona nimewaambia wana kesi?

Kuna atakayesema wa kulaumiwa ni wenye barabara, TARURA na TANROADS. Sikatai, mashimo yapo na yanastahili kelele zake. Ila siku shimo la Mbande linazibwa sijui mimi, na tairi lako linatembea leo.

Na kuna atakayesema feki zipo. Zipo hila, ndiyo. Kuna tairi kuukuu linalochongwa kashata upya na kupakwa rangi likang'aa. Kuna jipya lililokaa stoo miaka saba linauzwa kama limeshuka bandarini jana. Hayo pigieni kelele, tena peleka FCC. Ila uyakamate kwa kuangalia. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwishoni kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisome kabla hujatoa hela, pande zote mbili, maana mara nyingi zile nne zimeandikwa upande mmoja tu.

Basi nimalizie na ninavyoishi mimi sasa hivi, anayetaka achukue.

Kabla ya kulipa namuuliza muuzaji swali moja kwa sauti: "Nikipiga shimo, ubavu ukavimba, mnalipa?" Akijiumauma, najua jibu. Akisema ndiyo, namwambia aandike kwenye risiti.

Nadai risiti ya EFD, na nyuma yake naandika jina la tairi, saizi na zile tarakimu nne. Kisha naipiga picha, maana risiti zetu zinafutika kabla ya waranti kuisha.

Upepo napima tairi likiwa limepoa, asubuhi kabla ya safari, na kiwango ni kile cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Siyo kile cha "weka thelathini na tano tu bosi". Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kupita kiasi, na shimo likija halina cha kujitetea. Tena ukiendesha tairi limeisha upepo, ubavu unajisaga kwa ndani, unabaki unga mweusi wa raba. Dukani wakilifungua wakaona ule unga, mazungumzo yameisha.

Nikipiga shimo zito, siangalii siku hiyo tu. Naangalia wiki nzima, na upande wa ndani pia, ule unaoelekea chini ya gari, kwa sababu nundu haichagui kutokea mbele ya macho yako.

Nikiona nundu, tairi linatoka. Halishonwi, haliwekwi tyubu, haliwi hata la akiba.

Na la mwisho, hili ni kwa staa wetu. Kaka, lile tairi umelipeleka wapi? Maana siku nilipokwenda kushona langu, pembeni ya kibanda kulikuwa na rundo la matairi yaliyoshonwa, yamesafishwa, yanauzwa elfu thelathini. Fundi aliniambia bila kuficha kwamba mengi huachwa na wenye magari mazuri. Wanaonunua ni vijana wa teksi za mtandao na wenye noah za abiria. Ukiliacha tairi la nundu kwa fundi ukamwambia "litupe", hulitupi. Unampa mtu mwingine siku zake tisa. Lichukue, likate ubavu mbele yako, ndipo uondoke.

Langu nililikata. Kipande kimoja nilimpa Mmasai mmoja anayetengeneza katambuga, akanitolea jozi mbili. Mama ndiye anayezivaa, anaendea nazo bustanini. Anasema kwa miguu ndiyo zinafaa.

Haya, uwanja wenu. Msitaje duka kwa matusi, hatutayapitisha. Niambieni kitu kimoja tu: siku mliponunua matairi, muuzaji aliwaambia waranti inalipa nini, kwa maneno yake yale yale? Tuyaweke hapa tuyaone.